Bi Pooja na Bahari ya Maziwa

Siku Bi Pooja alipomuua mtu wake wa kwanza, alikuwa anashona shati za skuli. Ameuma uzi mdomoni, mguu uko kwenye kikanyagio cha cherehani. Ghafla akalizuia gurudumu kwa kiganja, akautema uzi, akaniambia:

"Gharib, yule mlinzi wa makumbusho lazima afe. Leo leo."

Mimi nilikuwa nimelala sakafuni chini ya cherehani yake ya pili, natia mafuta. Kazi yangu ni kutengeneza vyerehani, na pale kwake Hurumzi, hapa Mji Mkongwe, nimekuwa nikiingia na kutoka tangu ujana. Nikauliza huyo mlinzi kafanya nini.

"Kakiona chungu," alisema. "Aliyekiona chungu hawezi kuachwa akaenda zake nyumbani akala wali."

Akavuta karatasi ya kukatia mitindo, ile nene ya rangi ya udongo, akageuza kipande cha mkono wa shati na kuandika huku amesimama. Alipomaliza akanisomea. Mlinzi alikuwa amekufa kwenye kiti chake, kikombe cha chai bado kinafuka moshi, na koo lake lote limegeuka buluu.

"Koo la buluu kwa nini, Bi Pooja?"

"Kaa huko huko chini, usiniulize. Na mimi nataka kujua."

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiandika. Sura moja ilikuwa kwenye kola, nyingine kwenye mgongo wa gauni la mtoto, na ndefu kuliko zote ilikuwa kwenye suruali ya mtu mnene wa Mkunazini. Akitaka kukumbuka jambo, husema, "Lile liko kwenye mfuko," na kweli utalikuta kwenye karatasi ya mfuko.

Bi Pooja alizaliwa ghorofa ya juu ya nyumba hiyo hiyo. Baba yake alikuwa na duka la vifungo na uzi. Mama yake alikaanga bhajia za kuuza, na huku anakaanga alikuwa akimsimulia mwanawe hadithi za Kihindi, za miungu na majitu na wafalme. Bi Pooja alisimuliwa kwa Kigujarati, akatoka nje akawasimulia watoto wa mtaa kwa Kiswahili, na kila alipotoka aliongeza chumvi. Nimewahi kumsikia mwenyewe tulipokuwa wadogo. Wenzangu walimpigia kelele. Mimi nilikuwa mtu wa kukaa nyuma, nikisikiliza.

Aliolewa, akazaa watoto wawili wa kiume, akafiwa na mume. Watoto sasa wako Uingereza na kila wiki wanampigia simu: Mama, uza vyerehani, njoo huku. Yeye huwajibu kwamba ana kazi. Wao hudhani anazungumzia yunifomu.

Kitabu chake kilikuwa hivi. Kuna mwanamke mtaalamu wa mambo ya kale, jina lake Insiya, anachimba Unguja Ukuu, pale palipokuwa na bandari zamani sana. Anachimbua chungu kidogo kilichozibwa kwa lami, na juu yake pana muhuri wa mnyama mwenye pembe moja. Insiya anaujua muhuri ule. Ni wa miji ya kale ya Bara Hindi, ya watu waliokuwa na mizani na mifereji na bandari za matofali kabla mtu yeyote hajawaza kuujenga Mji Mkongwe. Kimefikaje Unguja? Hapo ndipo watu wanapoanza kufa. Tajiri mmoja, Girish, anakitaka chungu kwa udi na uvumba. Yeye na nahodha wake wanaamini ndani mna maji ya uzima, yale yaliyotoka kwenye Bahari ya Maziwa. Atakayeyanywa hafi.

Hadithi ya Bahari ya Maziwa ndiyo aliyokuwa akiipenda mama yake. Miungu na majitu waliyataka maji ya uzima yaliyozama baharini. Wakang'oa mlima wakaufanya upekecho. Wakamchukua nyoka mkubwa, wakamzungusha kwenye mlima kama kamba, miungu upande huu, majitu upande ule, wakawa wanavutana zamu kwa zamu ili mlima uzunguke na bahari ivurugike kama maziwa ya siagi. Lakini kitu cha kwanza kutoka hakikuwa uzima. Ilitoka sumu, na ingeuangamiza ulimwengu kama mungu mmoja asingeinywa na kuizuia kooni. Koo lake likawa buluu hadi leo.

Sasa umefahamu kilichokuwemo ndani ya chungu, na kilichomuua mlinzi aliyeikwaruza ile lami. Girish hakufahamu.

Bi Pooja alitaka jambo moja tu: kitabu kichapwe, kiwe na jalada na jina lake juu. Alikwishawahi kumpelekea mchapishaji mmoja, akarudishiwa na maneno haya: hadithi za Kihindi watu wanazitazama kwenye televisheni, nani atakaa azisome? Akazikunja karatasi, akakatia mitindo mingine juu yake.

Kilichobadilisha mambo ni suruali. Mahfoudh, mtayarishaji wa vipindi wa redio moja ndogo ya mjini, alikuja kupunguziwa suruali. Akaiona kola yenye maandishi mezani, akaisoma. Akauliza iliyobaki iko wapi. Bi Pooja akampa mgongo wa gauni. Akausoma huku amesimama, kisha akatoka mbio na kola mkononi. Suruali akaisahau.

Basi kila Jumamosi baada ya sala ya Alasiri, Bi Pooja akawa anasoma redioni. Mtaa ulishikwa. Wacheza keram wa Kiponda walikuwa wakiacha kete katikati ya ubao. Wacheza bao wa Hurumzi walikaa na komwe mikononi hadi zikapata jasho. Makundi hayo mawili kwa desturi hayaelewani juu ya jambo lolote, hata juu ya mvua, na sasa yakapata jambo jipya la kubishania. Keram walisema Insiya amuamini nahodha. Bao walisema nahodha ni muuaji, anaonekana wazi.

"Bi Pooja!" Jaku alimwita siku moja njiani. Jaku ni mchukuzi wa bandarini na ndiye mkubwa wa keram, mtu wa kifua kama mlango. "Insiya atakufa?"

"Sikiliza Jumamosi."

"Jumamosi nna mzigo."

"Basi usisikilize."

"Lo! Wewe mwanamke una roho ngumu! Niambie mimi tu, simwambii mtu."

"Wewe, Jaku? Siri yako hata meli inaijua kabla haijatia nanga."

Ikabaki sura ya mwisho. Na hapo Mahfoudh akaja na habari iliyomfanya Bi Pooja ajidunge sindano kidoleni. Bi Ulfat, mchapishaji kutoka Dar es Salaam, amesikia kipindi akiwa mapumzikoni Kiwengwa. Amesoma nakala yote aliyopelekewa. Jumamosi atakuja kusikiliza sura ya mwisho ikisomwa moja kwa moja hewani, na Jumapili asubuhi anapanda boti kurudi kwao. Kabla hajapanda, atasema ndiyo au hapana.

"Tusomee nje," alisema Mahfoudh. "Uwanjani, mbele ya watu. Na Bahari ya Maziwa tuifanye kweli, ivurugike isikike!"

Wazo hilo lilinipendeza hata mimi. Nililitengeneza kwa mikono yangu. Tulichukua pipa kubwa la plastiki, tukalitia maji, kokoto na mwani. Katikati nikasimamisha boriti ya mkoko, juu nikaifungia chuma ili izunguke bila kuanguka. Mmanga akaleta kamba ya makumbi. Mmanga ni Mtumbatu, mnadi samaki, na ndiye kiongozi wa wale wa bao. Tukaizungusha kamba kwenye boriti. Ijumaa tulijaribu na jamaa wanne watulivu: hawa wanavuta, hawa wanalegeza, kisha hawa wanavuta, wale wanalegeza. Boriti ikazunguka huku na huku na pipa likanguruma. Nakwambia, ilikuwa bahari kabisa. Bi Pooja alifumba macho akashika kifua.

Bora tungewaacha wale wale wanne wavute. Lakini Jumamosi Mahfoudh aliona uwanja umejaa, keram huku, bao kule, akasema mbona wavutaji tunao.

Kwanza yakazuka mabishano ya nani awe nani.

"Sisi hatuwi majitu," alisema Mmanga. "Sisi watu wazima."

"Na sisi tuwe majitu kwa sababu gani?" Jaku akajibu. "Kwa sura?"

"Sura ishajibu, yakhe."

Watu wakacheka. Jaku akamgeukia Bi Pooja. "Halafu Bi Pooja, mimi Muislamu. Haya mambo ya miungu..."

"Hii hadithi, Jaku. Sikwambii uabudu, nnakwambia uvute kamba. Na majitu ndio wanaoshika kichwa cha nyoka."

"Kichwa?" Jaku akafikiri. "Basi sisi kichwa."

"Ebo! Sisi ndio tushike mkia?" Mmanga akapiga kelele.

"Mmanga, baba," Bi Pooja akamwambia, "nyoka aliwatemea moto usoni wale walioshika kichwa."

"Ah. Basi mkia si mbaya."

"Moto gani?" akauliza Jaku, lakini muda ulikuwa umekwisha. Mahfoudh akainua mkono. Tuko hewani.

Bi Ulfat alikuwa amekaa kwenye kiti karibu kabisa na pipa. Alipachagua mwenyewe, ati apate kusikia vizuri. Alikuwa amevaa baibui safi, kalamu mkononi, uso hausemi kitu. Bi Pooja alisimama mbele ya maikrofoni na karatasi zake za rangi ya udongo mkononi. Alianza kwa sauti ndogo. Kisha Insiya akafungwa mikono ndani ya handaki la Unguja Ukuu, Girish na nahodha wakaleta kisanduku chenye chungu, na sauti ya Bi Pooja ikapanda. Insiya anajua wakikifungua watakufa wote. Anawaambia, subirini, niwasimulie hiki chungu kimetoka wapi.

"Wakamshika nyoka huku na huku," alisoma Bi Pooja, "na bahari ikaanza kuvurugika!"

Mahfoudh akawapa ishara. Keram wakavuta. Bao wakavuta.

Hakuna aliyelegeza.

Tulikuwa tumewafahamisha, na wote walijibu "Tumefahamu." Lakini wape keram na bao ncha mbili za kamba moja mbele ya watu, uone kama kuna atakayeachia. Miguu ilichimba mchanga. Mishipa ya shingo ikawatoka. Kamba ilikaza ikawa kama chuma, na boriti ikasimama tuli. Pipa kimya. Maji hayakutikisika hata kidogo. Redioni, katika kila nyumba na duka lililofungua idhaa ile, ilisikika mihemo ya wanaume tu.

"Legezeni!" Mahfoudh alinong'ona kwa nguvu. Akakimbilia pipa akalikumbatia, maana lilianza kuinama. "Zamu kwa zamu!"

"Aanze yeye," alisema Jaku kwa meno.

"Nkilegeza mimi watasema tumeshindwa," alisema Mmanga.

Nilimtazama Bi Pooja. Nilimuona anaziangalia karatasi. Nilijua zilivyoandikwa, alikuwa amekwisha kunisomea: hapo bahari inavurugika, Insiya anamaliza kusimulia, polisi wanafika, wanawakamata Girish na nahodha. Maneno yalikuwepo. Bahari ndiyo haikuwepo. Bi Ulfat akafunga kalamu yake.

Bi Pooja akaziweka karatasi chini. Akaichomoa maikrofoni kwenye nguzo yake.

"Lakini mlima haukuzunguka!" alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ile aliyokuwa akitusimulia nayo utotoni. "Mlima ulisimama! Kwa sababu gani, Girish? Kwa sababu majitu wamevuta na miungu wamevuta, na kila mmoja anaona aibu kuachia! Bahari yote imekauka kimya! Samaki wanasikiliza! Insiya akawatazama Girish na nahodha wake, na wao pia wamekishika kisanduku, huyu huku na huyu kule, hakuna anayemuamini mwenzake. Akawaambia, nyinyi ni wale wale!"

Akawasogelea wavutaji na maikrofoni.

"Akasema, wewe uliyeshika kichwa! Jina lako nani?"

"Jaku," akasema Jaku, anatweta.

"Unaachia, Jaku?"

"Siachii! Mmanga atanicheka mpaka nakufa!"

"Na wewe wa mkiani?"

"Aachie yeye, ana moto usoni!" akasema Mmanga, na watu wakaangua kicheko.

"Basi sikilizeni!" alisema Bi Pooja. "Insiya akamwambia Girish siri ambayo majitu hawakuijua. Hakuna anayeshinda kwa kuvuta. Anayeachia kwanza, wa upande wa pili ndiye anayekwenda chini!"

Niliona maneno yakimwingia Jaku kidogo kidogo. Macho yake yakang'aa. Akawatazama wenzake wa keram, akakonyeza, na wote kwa pamoja wakaiachia kamba.

Bao walikwenda chini wote kwa mkupuo, miguu juu, kanzu na vikoi huku na huku. Kamba ilifyatuka, boriti ikazunguka kama pia, chuma changu kikang'oka, na pipa, na Mahfoudh amelikumbatia, likapinduka. Maji, kokoto na mwani vilipiga ukuta na kurudi. Mngurumo ule! Ulikuwa mkubwa mara nyingi kuliko wa Ijumaa. Baadaye mtu mmoja wa Jozani alituambia kwamba aliisogeza redio mbali na mtoto.

"Na hapo bahari ikapasuka!" alipiga kelele Bi Pooja, amelowa mpaka magotini. "Girish aliachia kisanduku kwa hila, nahodha akaanguka nacho chini! Chungu kikavunjika! Ukatoka moshi wa buluu, Girish akainama achungulie, aone maji yake ya uzima yamekwenda wapi, akavuta pumzi. Moja tu. Insiya akainamisha uso ndani ya ushungi, akapanda ngazi huku mikono imefungwa, hakugeuka. Nyuma yake handaki likawa buluu, kisha likawa kimya."

Watu walipiga makofi na vigelegele. Mmanga alikuwa bado amekaa chini anapiga makofi na yeye.

Kisha tukamkumbuka Bi Ulfat. Alikuwa kwenye kiti chake, maji yanamchuruzika, utepe wa mwani umemlalia begani. Akauondoa, akautazama.

"Bi Pooja," alisema, "polisi wako wapi?"

"Polisi?"

"Kwenye nakala yangu polisi wanafika. Nimeshasoma hadithi nyingi ambazo polisi wanafika. Kwa ajili ya mwisho ule nilikuwa nimekuja kukwambia hapana, ila nilitaka nikuone usoni kwanza." Akasimama, viatu vinalia maji. "Huu wa leo nauchapa. Niandikie kama ulivyousema. Boti yangu ni ya asubuhi."

Bi Pooja akaitikia kwa kichwa. "Mahfoudh, nipe rikodi."

Mahfoudh alikuwa bado ndani ya dimbwi. "Rikodi, Bi Pooja? Mimi nlikuwa nimeshika pipa."

Hakuna aliyerikodi. Na Bi Pooja hakukumbuka hata sentensi moja. Maneno yalikuwa yamemtoka tu.

Jioni ile nyumba yake ilijaa. Kila mtu alikuwa na neno lake. Jaku aliapa kwamba Insiya alimsifu yule mshika kichwa kwa akili zake. Mmanga alisema hakusikia sifa yoyote, na kwamba bao hawakuanguka, waliteleza, iandikwe hivyo. Mwanamke mmoja wa jirani alisema moshi ulikuwa wa kijani. Wakamkatalia kwa sauti moja, keram na bao pamoja. Bi Pooja alikaa katikati na karatasi tupu ya koti kubwa, anageuza kichwa huku na huku. Aliandika neno, akalikata. Akaandika jengine, akalikata.

Mwisho akapiga meza kwa mkasi.

"Nyamazeni! Nani mwandishi hapa?"

Tangu nimjue tumemwita fundi, na yeye mwenyewe amejiita fundi.

"Mimi ndiye mwandishi," alisema. "Haya, tokeni. Gharib, na wewe. Toka."

Tukatoka. Nyuma yetu mlango ukafungwa, komeo likalia.

Asubuhi nilimsindikiza bandarini. Macho yake yalikuwa mekundu na alibeba karatasi zimekunjwa kama nguo mpya. Bi Ulfat alizisoma pale pale getini, abiria wanampita huku na huku na mizigo. Sikuweza kumtazama, nikatazama viatu vyangu. Nikasikia anacheka. Kisha akageuza karatasi ya mwisho, akairudia tena. Boti ikapiga honi.

"Kola hii ndiyo inayotangulia au hii?" aliuliza.

"Hiyo ya kulia."

"Haya. Jina nitaliandika kubwa." Akazitia karatasi kwenye mkoba, akamshika Bi Pooja mikono yote miwili, akaenda zake mbio.

Tulikuwa tunarudi tulipomkuta Jaku na mkokoteni wake umejaa magunia.

"Kasemaje?" alipiga kelele kutoka mbali.

"Kasema anachapa!"

Jaku akaachia mkokoteni. "Kitabu chetu kinachapwa!" aliwatangazia wachukuzi, askari wa geti, watalii wasiofahamu neno. "Jamani, kitabu chetu kinachapwa!"

"Kitabu gani?" akauliza mchukuzi mmoja mgeni wa bandari.

Jaku akamtazama kama mtu aliyemkuta hajala siku nzima. Akamkalisha juu ya gunia. Wengine wakasogea, na foleni ya mizigo nyuma yake ikasimama, watu wakaanza kulalamika, yeye hawasikii. Akaanza kusimulia kwa mikono miwili. Kulikuwa na mwanamke, Insiya, alichimba akapata chungu cha dhahabu...

Bi Pooja alinishika mkono nisimame. Alisikiliza kidogo, midomo inacheza. Kisha hakuweza kuvumilia. Akaupenya ule msongamano wa wanaume na mizigo, ameinua kidole juu.

"Cha udongo, Jaku! Cha udongo! Hebu sogea, niache niwaeleze mwenyewe!"